Pembe za kwetu, sifa za kwao

Kila taifa lina jambo lake la kujivunia. Mwajemi hujivunia zulia lake, Mchina hujivunia vyombo vyake vya kauri, na Mjerumani, ukimwondolea magari na mashine, hujivunia piano, kile kinanda kikubwa cha Kizungu chenye vibao vyeupe na vyeusi. Vitabu vingi vimeandikwa kuisifu kazi hiyo. Ndani yake utasoma majina ya mafundi, ya viwanda na ya miji, na utasoma hata ni mti gani uliotumika kwa ubao gani. Lakini jina la Lamu, la Kismayu, la Wajir au la mto Tana hulioni, ingawa mpiga piano wa Berlin wa karne ya 19 hakuweza kupiga sauti hata moja ya kibao cheupe bila ya kidole chake kugusa pembe ya ndovu, na pembe zilizosifiwa kuliko zote zilitoka upande wetu huu wa Afrika.

Leo ukurasa huu unataka kuiuliza historia hiyo swali moja tu: pembe zilitoka kwa nani, na nani aliyezilipia? Swali hili si la Wajerumani peke yao. Linatuhusu sisi wa pwani, na linawahusu zaidi ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao kwa miaka mingi wametajwa katika habari za pembe kwa jina moja tu, nalo ni jina baya.

UFUNDI WA WAJERUMANI

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tuanze basi kwa kuwapa mafundi haki yao.

Piano haikubuniwa Ujerumani. Wa kwanza kuitengeneza alikuwa Mtaliana, Bartolomeo Cristofori wa mji wa Florence, yapata mwaka 1700. Kinanda mashuhuri cha kabla yake kilikuwa kikidonoa nyuzi kwa ncha ndogo ya unyoya, na kwa hivyo sauti yake ilikuwa ni ile ile, ubonyeze kwa nguvu ama ubonyeze kwa upole. Cristofori akaweka nyundo ndogo ndogo zinazoupiga uzi na kurudi nyuma mara moja. Tangu hapo kidole cha mpigaji kikawa na amri: kikigusa polepole sauti hunong'ona, kikigusa kwa nguvu sauti huvuma.

Mjerumani aliyeipokea kazi hiyo ni Gottfried Silbermann wa mji wa Freiberg katika nchi ya Saxony. Katika miaka ya 1730 alitengeneza piano zake akamwonyesha Johann Sebastian Bach, aliyekuwa bingwa wa vinanda wa zama hizo. Bach hakumficha. Alimwambia kwamba sauti za juu ni dhaifu na vibao ni vizito. Silbermann alichukizwa sana, lakini hakuiacha kazi. Aliirudia na kuirekebisha kwa miaka mingi hata Bach mwenyewe akaridhika, na mwaka 1747 Bach alizipiga piano za fundi huyo mbele ya mfalme Frederick wa Prussia huko Potsdam. Fundi aliyekubali kuambiwa ila ya kazi yake ndiye aliyeitia kazi hiyo mizizi Ujerumani.

Baada yake walikuja wengine wengi. Mwaka 1853 una ajabu yake, kwani katika mwaka huo mmoja Carl Bechstein alifungua karakana yake Berlin, Julius Blüthner akafungua yake Leipzig, na mzee Heinrich Steinweg, aliyehama Ujerumani mwaka 1850 pamoja na jamaa zake, akaanzisha kampuni ya Steinway & Sons huko New York. Mwaka 1880 kampuni hiyo ya Steinway ilirudi Ujerumani na kufungua kiwanda katika mji wa Hamburg. Msomaji aukumbuke mji huu, maana tutaurudia.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, piano haikuwa tena chombo cha wafalme. Daktari, mwalimu mkuu na mwenye duka, wote walitaka kuwa nayo sebuleni. Kama vile nyumba ya kiungwana ya Lamu ilivyokuwa haikamiliki bila ya zidaka zake na sahani za Kichina zilizopangwa ndani, ndivyo nyumba ya Mjerumani mwenye nafasi ilivyokuwa haikamiliki bila ya piano na binti wa kuipiga. Viwanda vikazidi, na kila piano iliyotoka kiwandani ilitaka kuvikwa pembe.

JINO LA NDOVU

Piano ina vibao 88. Vyeusi ni 36, navyo kwa desturi vilikuwa vya mti mweusi mgumu. Vyeupe ni 52, na hivi vilikuwa vya mbao zilizofunikwa juu kwa pembe ya ndovu. Kila kibao cheupe kilitaka vipande viwili vya pembe, vyembamba kama ganda: kimoja kipana cha mbele, pale kidole kinapotua, na kimoja chembamba cha nyuma kinachopita katikati ya vibao vyeusi. Vipande hivyo viliunganishwa kwa ustadi mkubwa hata usiione alama ila kwa kukazia macho.

Kwa nini pembe? Kwa sababu pembe hunywa jasho. Kidole cha mpigaji kikilowa hakitelezi. Tena haina baridi ya chuma wala ukavu wa mbao. Na katika pembe zote, wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walizipenda zaidi zile zilizopitia Unguja. Waliziita laini: zilikatika vizuri kwa msumeno, zilikuwa nyeupe, na hazikuwa na haraka ya kupasuka kama zile ngumu za upande wa magharibi wa Afrika.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na maneno yao katika biashara hii. Pembe kubwa waliiita buri, na ndogo kalasha, na mizani yao ilikuwa ya frasila, ambayo ni ratili 35 hivi. Hesabu inayotajwa sana na watu wa viwanda ni kwamba pembe moja ya ratili 75, yaani frasila mbili na ushei, iliweza kukatwa vipande vya kutosha piano 45. Msomaji anaweza kufurahi kwamba jino moja liliburudisha nyumba 45. Lakini ndovu hatoi jino lake kama kondoo atoavyo sufi. Ndovu ilikuwa lazima afe.

HAMBURG NA UNGUJA

Sasa tuurudie mji wa Hamburg. Kabla Ujerumani haijawa dola moja, wafanyabiashara wa Hamburg walikwisha kuijua njia ya Unguja. Nyumba ya O'Swald ilifungua ofisi yake huko mwaka 1849, na nyumba ya Hansing ikafuata muda si mrefu. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifanya mkataba wa biashara na Sultani. Watu wa pwani wanayakumbuka mambo haya kwa kisa kimoja zaidi kuliko vingine: Seyyida Salme binti Said, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1867 akaolewa na Rudolph Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg aliyekuja kufanya kazi katika nyumba ya Hansing. Wengi husimulia kisa hicho kwa ajili ya mapenzi yake. Ni wachache wanaouliza kijana yule na wenzake walifuata nini Unguja. Walifuata biashara: karafuu, ngozi, kauri za baharini, na pembe.

Huko Hamburg palikuwa na mtu mashuhuri kwa jina la Heinrich Adolph Meyer, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, ambaye pia alikuwa mwanachuoni wa mambo ya bahari. Pembe zilizoshushwa bandarini hapo zilifanywa vibao vya piano, mipira ya biliadi, vishikio vya visu na vitana. Wamarekani nao walikuwa na mji wao katika jimbo la Connecticut, ambao kazi hii ilifanya uitwe Ivoryton, yaani Mji wa Pembe. Hebu fikiri: pembe ziliupa jina mji wa ng'ambo usio na ndovu hata mmoja, na nchi zilizozitoa hazimo hata katika vitabu.

NJIA YA KASKAZINI

Ni kweli kwamba pembe nyingi za Unguja zilitoka bara ya Tanganyika na Manyema, kwa misafara ya Wanyamwezi na ya matajiri kama Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Lakini palikuwa na njia nyingine, ya kaskazini, isiyosemwa sana. Pembe za nchi ya Waborana na za nyika zote zilizo baina ya mto Juba na mto Tana zilichukuliwa kwa ngamia kupitia visima vya Wajir na El Wak, zikafika Luuq na Bardera kwenye mto Juba, kisha zikashuka hadi Barawa, Merka, Mogadishu na Kismayu. Nyingine zilifuata mto Tana hadi upande wa Lamu. Kutoka bandari hizo majahazi yalizipeleka Unguja, zikachanganywa na za Unyamwezi, na mnunuzi wa Hamburg hakuwa na haja ya kujua ni ipi iliyotoka wapi.

Aliyemuua ndovu kwa kawaida hakuwa Msomali wala Mwarabu. Alikuwa Mwata au Mboni, mwindaji hodari wa upinde mzito na mshale wa sumu. Mtu huyu hakuwa tajiri. Kwa desturi ya zamani, wawindaji hawa waliishi chini ya himaya ya Waorma au ya Wasomali, na katika kila ndovu waliyemuua, pembe moja ilikuwa haki ya mlezi wao. Mwenye ngamia alipata faida, mwenye jahazi alipata faida, mwenye duka Unguja alipata faida, na wa Hamburg alipata kubwa kuliko wote. Mwata alibaki na nyama na upinde wake.

Tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Matajiri wa pwani walishiriki biashara hii kwa mikono miwili, na katika njia nyingi za bara wachukuzi wa pembe hawakuwa wote huru. Mtu akitaka kuwadai Wajerumani sehemu yao ya historia, yampasa kwanza akiri sehemu ya kwetu.

KATAZO LA BARDERA

Hapa pana jambo ambalo lastahili kujulikana na kila Mwislamu wa pwani. Mji wa Bardera, usio mbali na mpaka wa Mandera ya leo, uliasisiwa mwaka 1819 na Sheikh Ibrahim Hassan Yabarow uwe jamaa ya wanachuoni na wanafunzi wao. Katika miaka ya 1830 viongozi wa jamaa hiyo walitoa amri kali. Walikataza tumbaku, wakakataza ngoma, na wakapiga marufuku biashara ya pembe za ndovu.

Kwa wanachuoni jambo hilo lina asili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Wasomali na ya pwani yetu, kauli mashuhuri ni kwamba mfupa wa mnyama asiyekuwa halali kuliwa ni najisi, na pembe ya ndovu imo humo. Wahanafi wana kauli nyingine iliyo nyepesi zaidi. Hatusemi kwamba watu wa Bardera walipiga marufuku biashara ile kwa kumhurumia ndovu. Lakini waliikataza, na katazo hilo halikupendeza miji iliyoishi kwa biashara. Mwaka 1840 watu wa Bardera waliishambulia Barawa, na mwaka 1843 Sultani Yusuf Muhammad wa Geledi alikusanya jeshi akauvunja mji wao. Misafara ya pembe ikapita tena.

Mataifa ya ulimwengu yalikuja kukubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu mwaka 1989, katika mkutano wa Lausanne. Viongozi wa mji mdogo kando ya mto Juba walikwisha kutoa katazo lao zaidi ya miaka 140 kabla, kwa sababu zao wenyewe. Jambo hili halitajwi katika vitabu vya piano, na la kusikitisha zaidi, halitajwi sana hata katika vitabu vyetu.

BENDERA YA WITU

Wajerumani hawakuridhika na kununua Unguja tu. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na Dakta Gustav Fischer waliupanda mto Tana kuichunguza nchi. Mwaka 1885 Denhardt na ndugu yake Gustav walifanya mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na bendera ya Ujerumani ikatwekwa karibu na mlango wa mto huo. Mwaka 1888 posta ya Kijerumani ilifunguliwa Lamu, na nyumba yake imekuja kufanywa makumbusho. Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu kwa mkataba ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Utawala wao ukaondoka, lakini biashara haikuondoka. Wakati wa Waingereza pembe za nyika ya kaskazini ziliendelea kutoroshwa kuvuka kwenda Kismayu kila bei iliponona.

BEI ILILIPWA NA NANI

Msiba mkubwa ulikuja katika miaka ya 1970 na 1980. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini bei ya pembe ilikuwa imepanda, na baada ya vita vya Ogaden vya mwaka 1977 na 1978 bunduki zilizagaa kila mahali. Wakati huo piano nyingi zilikwisha kuanza kuvikwa plastiki. Soko kubwa lilikuwa Hong Kong na Japani, kwa mihuri ya majina na mapambo. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walibaki chini ya 20,000 kufikia mwaka 1989. Julai mwaka huo Rais Moi aliziwasha moto tani 12 za pembe mjini Nairobi. Mwezi uliofuata George Adamson, mzee wa simba, aliuawa na majambazi huko Kora, ng'ambo ya Tana.

Tangu hapo, likitajwa jino la ndovu, jina la Mkoa wa Kaskazini-Mashariki lilitajwa papo hapo. Mfugaji wa Garissa ambaye hajashika hata kisu cha kumchinjia dikidiki aliitwa jangili. Hakuna aliyemwita jangili mnunuzi wa Hamburg wa mwaka 1880, wala mwenye nyumba wa Leipzig aliyemnunulia bintiye kinanda chenye vibao 52 vya pembe. Hao waliitwa wapenda muziki. Hapa ndipo penye dhuluma ya historia: anayeua kwa sababu ya mnunuzi hupewa lawama yote, na mnunuzi hupewa sifa.

Na waliopungukiwa ni hao hao wa Garissa. Nyika iliyokuwa na makundi ya ndovu imebaki na wachache mno. Lakini watu hawakukaa bure. Huko Ijara, jamii ya Ishaqbini imetenga ardhi yake yenyewe kumlinda hirola, paa adimu ambaye makao yake ya asili ni nchi hiyo na upande wa pili wa mpaka. Katika Kenya nzima, hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu 36,280. Wanaongezeka, alhamdulillahi, ingawa polepole.

SIWA NA PIANO

Haifai mtu adhani kwamba watu wetu hawakujua kuitia pembe sauti. Siwa ya Pate, iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ni baragumu la pembe lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lililonakshiwa na mafundi wa visiwani tangu karne ya 17 hivi. Lilipigwa siku za sherehe kubwa za wafalme na waungwana. Siwa moja ilitosha mji mzima na vizazi vingi. Piano ilitaka moja kwa kila nyumba. Tofauti ya vinanda hivi viwili haiko katika akili ya fundi, bali iko katika ukubwa wa hamu ya mnunuzi.

Kwa hivyo hatuwaombi wapenda piano wazivunje piano zao. Ndovu aliyekufa mwaka 1880 hafufuki kwa kuvunjwa kinanda. Tunaomba ukweli utimie. Mafundi wa Ujerumani waandikwe kwa heshima yao, na karibu nao waandikwe Mwata wa upinde, Msomali wa ngamia, nahodha wa Lamu na mchukuzi aliyebeba mzigo begani.

Lakini hakuna atakayetuandikia ikiwa sisi wenyewe hatuandiki. Mkoa wa Kaskazini-Mashariki uliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991, na watafiti wachache walifika huko kuwasikiliza wazee. Leo kisingizio hicho hakipo. Garissa ina chuo kikuu chake. Wanafunzi wake ni wajukuu wa watu walioijua njia ya visima kutoka El Wak hadi Bardera, na katika boma za Ijara na Hulugho wamo wazee wa Kiboni wanaojua mshale wa sumu ulitengenezwaje na pembe ya pili alipewa nani. Wapelekwe vijana hao na vinasa sauti kabla ya wazee kututoka. Makumbusho ya Lamu nayo yana wageni wa kila nchi, Wajerumani wakiwamo. Hapana taabu ya kumweleza mgeni, pale anapotazama mambo ya biashara ya zamani, kwamba vibao vya piano ya bibi yake huenda vilipita katika gati ya mji huo.

Mwenye kinanda ameandika habari zake, akamaliza. Mwenye pembe bado hajashika kalamu, na wazee wa kumsimulia wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka.